Ligi ya nchi ni nini? Liechtenstein haina, Zanzibar inayo

Ukisikia "ligi ya nchi" unawaza timu za soka za nchi moja zinazokutana nyumbani na ugenini, pointi tatu kwa ushindi, na mwisho wa msimu mmoja anabeba kombe. Hiyo ni nusu ya maana. Nusu ya pili iko kwenye makaratasi: shirikisho gani linaitambua ligi hiyo na kumpa bingwa wake tiketi ya kimataifa. Katika nchi kubwa nusu hizi huenda pamoja. Katika nchi ndogo huweza kuachana, na hapo ndipo mambo hunoga.

Liechtenstein imebanwa kati ya Uswisi na Austria. Ina watu kama 40,000 na klabu saba tu. Ligi ya timu saba ingechosha kabla ya Krismasi, kwa hiyo zote zinacheza katika ligi za Uswisi, kila moja kwa daraja lake. FC Vaduz ndiyo ya juu kuliko zote, na imewahi kucheza mpaka Ligi Kuu ya Uswisi. Nyingine zinahangaika madaraja ya chini dhidi ya timu za vijiji vya ng'ambo ya mto Rhine.

Kilichobaki chao wenyewe ni kombe, linalochezwa tangu 1946. Timu hazitoshi, basi klabu huruhusiwa kuingiza hata kikosi cha pili. Vaduz wamelibeba zaidi ya mara 45, kwa hiyo usitegemee maajabu. Lakini kombe hilo lina uzito: Liechtenstein ni mwanachama wa FIFA, shirikisho la soka la dunia, na UEFA, la Ulaya, tangu 1974, na bingwa wake anakwenda Ulaya. Mwaka 2022 Vaduz, wakiwa daraja la pili Uswisi, waliwatoa Rapid Wien wa Austria na kuingia makundi ya Conference League, mashindano ya tatu kwa ngazi ya klabu za Ulaya. Tiketi ya Ulaya inayopatikana kupitia ligi ya Uswisi hawaruhusiwi kuigusa, hata wamalize juu kiasi gani.

Sasa geuza picha. Zanzibar ina Ligi Kuu yake, yenye kupanda na kushuka daraja. Timu zake kadhaa ni za vikosi vya serikali: KMKM ni ya kuzuia magendo, JKU ya kujenga uchumi, na Zimamoto jina linajieleza. Bingwa wake hucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, mbali na bingwa wa Bara, kwa sababu Zanzibar ni mwanachama mshiriki wa CAF, shirikisho la soka la Afrika. FIFA haimo. Ndiyo maana Feisal Salum, kijana wa Unguja, akiitwa timu ya taifa kucheza kufuzu Kombe la Dunia anavaa jezi ya Taifa Stars. Zanzibar Heroes wamebaki na mashindano kama Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, walilolitwaa mwaka 1995.

Machi 2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili. Julai ikaufuta, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Desemba ya mwaka huohuo Heroes walikuwa Machakos, fainali ya Chalenji dhidi ya wenyeji Kenya. Dakika 120 ziliisha 2-2, wakafungwa kwa penalti.