Je, wajua kwa nini kompyuta zilichukua miaka 41 kugonganisha mashimo meusi mawili?

Mwaka 1964 Susan Hahn na Richard Lindquist waliipa kompyuta ya IBM 7090 kazi ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu: ichukue milinganyo ya Albert Einstein inayoeleza mvutano, iwekewe ndani yake vitu viwili ambavyo leo tungeviita mashimo meusi, yaani sehemu ambazo mvutano wake hauuachii hata mwanga utoke, kisha ihesabu vitakavyoangukiana. Jina la shimo jeusi lenyewe lilikuwa halijaenea. Lilishika miaka mitatu baadaye kupitia kwa mwanafizikia John Wheeler. Hesabu ilikwenda hatua hamsini hivi tu, namba zikaharibika, na jaribio likaishia hapo. Programu ya kwanza iliyofuatilia mashimo meusi mawili yakizungukana, yakigongana na kuwa shimo moja, bila kuvunjika njiani, ilipatikana mwaka 2005.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba kompyuta za zamani zilikuwa dhaifu. Zilikuwa dhaifu kweli, lakini katika miaka hiyo 41 uwezo wake uliongezeka zaidi ya mara milioni moja, na programu ziliendelea kufa palepale. Kilichokosekana ni namna ya kuiuliza kompyuta swali lenyewe.

Shimo moja lililotulia halisumbui. Karl Schwarzschild alilipatia fomula mwaka 1916, miezi michache tu baada ya Einstein kukamilisha nadharia yake ya uhusianifu, na Roy Kerr akapata fomula ya shimo linalozunguka mwaka 1963. Ndiyo maana mwaka 1979 Mfaransa Jean-Pierre Luminet aliweza, kwa kompyuta ya IBM 7040 iliyolishwa kadi zenye matundu, kuhesabu jinsi gesi inayozunguka shimo jeusi ingeonekana kwa mtu aliye mbali, kisha akaichora picha hiyo kwa mkono wake, nukta kwa nukta, kwa wino mweusi. Shimo lake lilikuwa limesimama. Kilichosafiri ni mwanga tu. Mashimo mawili yakikutana, hakuna fomula. Kila moja linaipinda nafasi ambayo mwenzake anapita, mzunguko wao unatoa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe, yanayoondoka na nishati, njia zao zinazidi kusogeleana, na nafasi yenyewe inabadilika umbo kila nukta ya sekunde. Hapo kalamu inakwama, na mtu hana budi kuhesabu hatua kwa hatua.

Hatua kwa hatua, lakini hatua ya nini? Katika uhusianifu, nafasi na wakati ni kitu kimoja chenye pande nne, na hakuna saa moja inayotawala ulimwengu mzima. Kompyuta haikielewi kitu cha namna hiyo. Inachojua ni kupewa hali ya sasa na kukokotoa hali inayofuata. Mtafiti hulazimika basi kukikata kitu hicho kuwa kurasa, kila ukurasa ukiwa ni nafasi nzima kwa wakati mmoja, ili ukurasa wa pili uandikwe kutokana na wa kwanza, wa tatu kutokana na wa pili, hadi mwisho. Njia rasmi ya kufanya hivyo ilitengenezwa na Richard Arnowitt, Stanley Deser na Charles Misner kuanzia mwaka 1959. Njia hiyo, hata hivyo, haisemi mkato upite wapi. Milinganyo inaruhusu mkato wowote ule, na uhuru huo ndio uliokuwa mtego.

Tuchukue mkato mwepesi kuliko yote, ambao kila nukta ya gridi, yaani wavu wa nukta ambazo kompyuta inazihesabia nafasi, inapewa saa yake na kuachwa ianguke kama jiwe lililoachiliwa. Nukta iliyoachiliwa kutoka ukingoni mwa shimo lenye masi 30 za Jua (yaani lenye maada mara 30 ya Jua) huchukua takriban milisekunde 0.46 kufika kwenye kitovu, mahali ambapo mpindo hauna kikomo na hesabu haina la kufanya isipokuwa kufa. Mashimo mawili ya ukubwa huo, yakiwa yamebakiza sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya kugongana na yakizungukana mara 17 hivi kwa sekunde, yanahitaji karibu milisekunde 60 kumaliza mzunguko mmoja. Programu ilikufa kabla mashimo hayajasogea hata hatua ya kuhesabika. Watafiti walibuni mikato inayokikwepa kitovu, ambayo wakati hupungua mwendo karibu na shimo na kuendelea kawaida kwingineko. Matokeo yake yalikuwa kurasa zinazovutika kama mpira kati ya sehemu iliyosimama na sehemu inayokwenda, hadi nukta za gridi zikaachana mno na hesabu ikachanika kwa namna nyingine.

Hata mkato ukiwa mzuri, kulikuwa na ugonjwa wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa mbaya zaidi kwa sababu ulijificha. Milinganyo ya Einstein ni kumi. Sita kati yake hueleza jinsi hali itakavyobadilika, na minne haisemi lolote kuhusu kesho, bali hutoa masharti ambayo kila ukurasa lazima uyatimize, kama vile daftari la mhasibu ambalo jumla za pande mbili lazima zilingane. Kwenye karatasi, ukurasa wa kwanza ukiyatimiza masharti, zote zinazofuata zitayatimiza zenyewe, na mwanahisabati Yvonne Choquet-Bruhat alikuwa amethibitisha mwaka 1952 kwamba milinganyo hiyo ikianzishwa hivyo ina suluhisho. Kompyuta, lakini, hukata desimali. Kwa kawaida hubeba tarakimu 16 hivi, na inayobaki huitupa. Kosa la desimali ya 16 halina uzito wowote, mpaka pale namna milinganyo ilivyoandikwa inapolilisha kosa hilo. Likiongezeka maradufu katika kila hatua, huhitaji hatua 54 tu kufikia ukubwa wa moja kamili. Katika programu halisi ukuaji haukuwa wa kasi hiyo, ila mwisho wake ulikuwa uleule: mtafiti aliiacha mashine ikihesabu usiku kucha, na asubuhi akakuta safu za namba zenye mpangilio hadi mstari fulani, kisha namba zenye sifuri kumi na tano, kisha alama moja inayojirudia hadi mwisho wa faili, ambayo maana yake ni kwamba hii si namba.

Kuna watu waliojenga maisha yao yote ya kazi juu ya faili za namna hiyo. Katika miaka ya 1970 Larry Smarr na Kenneth Eppley walifanikiwa kuhesabu mashimo mawili yanayogongana uso kwa uso, bila kuzungukana, kwa usahihi wa wakati ule. Smarr alichoka kukosa mashine zenye nguvu, akawa mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha kompyuta kuu cha NCSA huko Illinois, na humo ndimo kilimotengenezwa mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilichowafungulia watu wengi intaneti. Ni mchepuko mdogo, lakini anayesoma makala haya kwenye skrini ana deni fulani kwa mashimo meusi. Katika miaka hiyo ya 1990 serikali ya Marekani iligharamia muungano wa vyuo vikuu kadhaa ili ulimalize tatizo la mashimo mawili, na muungano ukavunjika kabla haujalimaliza. Maendeleo yalipimwa kwa muda ambao programu iliishi kabla ya kufa. Mwaka 2004 Bernd Brügmann, Wolfgang Tichy na Nina Jansen walichapisha hesabu iliyodumu kwa zaidi kidogo ya mzunguko mmoja, na hiyo ilikuwa habari kubwa.

Mtu hujiuliza mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa wakati ule aliandika tasnifu gani ikiwa programu yake ilikuwa inakufa tu. Aliandika kuhusu kifo chenyewe, yaani ni kipengele gani cha mlinganyo kilichokuza kosa na kwa nini. Kazi hizo zilionekana kavu kwa watu wa nje, lakini ndizo zilizolimaliza tatizo. Masaru Shibata na Takashi Nakamura walionyesha mwaka 1995 kwamba milinganyo ileile, ikipangwa upya kwa mpangilio ambao kihisabati ni sawa kabisa na ule wa zamani, huishi muda mrefu zaidi ndani ya kompyuta, na Thomas Baumgarte na Stuart Shapiro wakaupa mpangilio huo nguvu mwaka 1998. Kwa mwanahisabati maandishi mawili yanayosema jambo moja ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti, kwa kuwa makosa hayasafiri humo kwa njia moja.

Ndipo alipotokea Frans Pretorius, mtafiti wa baada ya uzamivu katika taasisi ya Caltech. Yeye aliandika milinganyo kwa mpangilio mwingine kabisa unaoifanya ifanane na milinganyo ya mawimbi ya kawaida, ambayo tabia zake zinajulikana vizuri. Kisha, akitumia wazo la Carsten Gundlach na wenzake, aliongeza vipengele ambavyo thamani yake ni sifuri pale masharti yanapotimizwa, lakini masharti yakianza kukiukwa huivuta hesabu irudi kwenye mstari. Sehemu ya ndani ya kila shimo aliikata isihesabiwe, kwa hoja kwamba hakuna kinachoweza kutoka humo kuja kuharibu kilicho nje. Makala yake ilitoka Septemba 2005. Miezi michache baadaye makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Texas huko Brownsville likiwa na Manuela Campanelli, na jingine la kituo cha NASA cha Goddard likiwa na Joan Centrella na John Baker, yakafika kwenye jibu bila kujuana, kwa njia tofauti na ya Pretorius lakini karibu ileile baina yao: kitovu cha kila shimo waliacha kukipigilia mahali pamoja kwenye gridi, wakakiruhusu kitembee. Njia hiyo ilikuwa rahisi kiasi cha kutia shaka, na ilichukua muda kueleweka kwamba kurasa zao zilikuwa zikijipanga zenyewe zisikifikie kitovu halisi. Ndani ya mwaka mmoja, kazi iliyowashinda watu kwa miongo minne ikawa ni zoezi ambalo makundi mengi yaliweza kulirudia.

Faida yake ilionekana miaka kumi baadaye. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO ya kunasa mawimbi ya mvutano, mmoja Livingston na mwingine Hanford nchini Marekani, kila mmoja ukiwa na mikono ya kilomita 4, ilitikiswa kwa takriban sekunde 0.2 na wimbi lililofika Livingston milisekunde 7 kabla ya kufika Hanford. Wa kwanza kuliona kwenye kompyuta yake alikuwa Marco Drago, naye mtafiti wa baada ya uzamivu, huko Hannover nchini Ujerumani. Lakini wimbi peke yake halisemi limetoka wapi. Ni kwa kulilinganisha na mawimbi yaliyohesabiwa, na na mifano iliyosahihishwa kwa hesabu hizo, ndipo iliposomeka kwamba mashimo mawili yenye masi 36 na 29 za Jua yaliungana kuwa shimo la masi 62, na masi 3 zilizobaki zikageuka kuwa mawimbi, umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa.

Mwenye kuiingia kazi hii leo haanzi na programu inayokufa, kwa kuwa zipo programu huria kama Einstein Toolkit zinazoweza kupakuliwa bure. Anaanza na shaka. Hesabu moja isiyoonyesha kosa lolote haithibitishi chochote, kwa hiyo huifanya mara tatu kwa gridi tatu za wembamba tofauti na kuangalia kama tofauti baina ya majibu zinapungua kwa kiwango ambacho nadharia inatabiri. Kwa mbinu ya daraja la nne, ambayo kosa lake hufuata umbali kati ya nukta ukizidishwa wenyewe mara nne, umbali huo ukipunguzwa kwa nusu, kosa hupungua mara 16. Bei nayo ni mara 16, kwa sababu nukta zinaongezeka mara nane na hatua za wakati mara mbili. Hesabu nzuri ya mizunguko mingi hukaa kwenye kompyuta kuu wiki au miezi, na muda huo wa mashine huombwa kwa maandiko marefu yanayopimwa na wataalamu wengine. Mikataba ya baada ya uzamivu ni ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi kila mmoja katika nchi tofauti, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozistahili, ndiyo maana wengi hatimaye huhamishia ujuzi wao wa hesabu na programu kwenye benki, kampuni za teknolojia au utabiri wa hali ya hewa.

Kazi iliyobaki inawasubiri wale wanaodumu. Mashimo yanayolingana ukubwa hayana shida tena, ila moja likiwa dogo mno kuliko jingine, hatua ya wakati inalazimika kuwa fupi kulingana na lile dogo, huku idadi ya mizunguko ikiongezeka kwa sababu ya lile kubwa. Mwaka 2020 Carlos Lousto na James Healy walifikisha uwiano wa 128 kwa 1. Chombo cha angani cha LISA cha kunasa mawimbi ya mvutano, ambacho Shirika la Anga la Ulaya linapanga kukirusha katikati ya miaka ya 2030, kinatarajiwa kusikia mashimo ambayo moja ni kubwa mara laki moja hadi milioni moja kuliko mwenzake, na lile dogo likilizunguka kubwa takriban mara 100,000 kabla ya kumezwa.