Chupa ya kinywaji ikikupasukia usoni, usisubiri asubuhi

Kuchachusha kinywaji ni nini?
Hamira na bakteria hula sukari, kisha hutoa gesi ya ukaa na kilevi kidogo. Ukifunga chupa, gesi hukosa pa kutokea na kuyeyuka ndani ya kinywaji. Ndiyo mapovu unayoyapenda.

Kwa nini chupa hupasuka?
Gesi huendelea kutengenezwa maadamu sukari ipo, na chumba chenye joto huiharakisha. Chupa nyembamba za kioo, hasa za pembe nne, hazihimili shinikizo hilo. Tumia chupa ya plastiki ya soda: isipobonyea tena, itie kwenye friji siku hiyo hiyo. Friji hupunguza kasi tu, kwa hiyo usiisahau humo. Ukifungua, funika kizibo kwa kitambaa na uweke uso mbali.

Kipande cha chupa kimeniingia jichoni. Nioshe kwanza?
Hapana. Usioshe, usifikiche, usikichomoe. Ukikivuta, vilivyomo ndani ya jicho vinaweza kutoka pamoja nacho. Usitie dawa ya matone, asali, maziwa wala kitu kingine chochote; tafadhali sana, chochote. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kifunike jicho bila kuligusa, kibandike kwa plasta kwenye paji na shavu, kisha nenda kwa daktari wa macho sasa hivi. Usile wala usinywe njiani, maana huenda ukafanyiwa upasuaji.

Haliumi sana na bado naona. Niende kesho?
Hapana, nenda leo. Wagonjwa wanakuja siku ya tatu, kope zimevimba, jicho limejaa usaha, na maneno ni yale yale: "Mwanzoni halikuuma." Tundu dogo linaweza lisiume sana. Vijidudu havingoji maumivu. Vikishaingia ndani ya jicho vinaweza kukupofusha. Jitazame kwenye kioo: mboni ikiwa imevutika upande mmoja kama tone la maji, huenda jicho limetoboka. Ikiwa duara, nenda pia. Usiku wa manane? Nenda.

Kama ni kizibo tu kilichonigonga?
Nenda vilevile, kwani damu inaweza kuvujia ndani ya jicho. Usimeze aspirini, inazidisha kuvuja.

Na kama ni kinywaji tu kilichoniruka?
Ikiwa una hakika chupa haikupasuka, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ukiona ukungu au maumivu yakiendelea, nenda hospitali.

Mjamzito au mtoto anaweza kunywa?
Asinywe. Kilevi kimo, na nyumbani huwezi kujua ni kiasi gani.

Nimeshakaa siku mbili. Kuna haja tena?
Ipo, tena kubwa. Nenda leo. Mwambie daktari, hata asipouliza, kwamba chupa ya kioo ilipasuka karibu na uso wako, ili atafute vipande vilivyobaki ndani. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.