Nyumba ya kwanza ya kupangisha Dar es Salaam: maneno ya kijiweni na yaliyomo kwenye jalada

Kijana akishasema ana milioni 80 na anatafuta nyumba ya kuwekeza, washauri hawakosekani. Dalali anao wake, mjomba anao wake, na kazini kila mtu amewahi kununua au anamjua aliyenunua. Ushauri mwingine ni mzuri. Huu ufuatao ndio unaorudiwa sana na ndio unaoumiza.

"Chukua mkopo, mpangaji atakulipia"

Kaa chini na kikokotoo kabla ya kukaa na afisa mikopo. Mikopo ya nyumba kwa shilingi huku kwetu imekuwa ikitolewa kwa riba ya kama asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Ukikopa milioni 80 kwa asilimia 16, ulipe kwa miaka 15, rejesho la mwezi ni karibu 1,175,000. Hadi unamaliza umelipa zaidi ya milioni 211.

Sasa tuseme nyumba hiyo ya vyumba vitatu inapangishwa kwa 400,000. Mpangaji amelipa theluthi moja tu ya rejesho. Zile 775,000 zinazobaki zinatoka kwenye mshahara wako, kila mwezi, hata mwezi ambao nyumba iko tupu. Mkopo unaweza kufaa kama utaishi humo mwenyewe na pango ulilokuwa unalipa linageuka sehemu ya rejesho. Kwa nyumba ya kupangisha tu, hesabu haifungi.

"Nyumba haina hasara"

Hata ukinunua kwa fedha taslimu, tazama inachoingiza. Pango la 400,000 kwa miezi 12 ni 4,800,000, yaani asilimia 6 ya milioni 80. Toa mwezi mmoja wa kukosa mpangaji, zinabaki 4,400,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango, zinabaki 3,960,000. Toa laki tano za rangi, koki, bati na fundi wa dharura. Umebaki na 3,460,000, kama asilimia 4.3. Hatifungani za serikali (yaani unaikopesha serikali kwa riba) za miaka 20 na 25 zimekuwa zikitoa riba ya zaidi ya asilimia 12, na hazivuji mvua ikinyesha.

Hii haina maana usinunue nyumba. Ina maana kwamba faida kubwa iko kwenye kiwanja kupanda thamani, hivyo uchague eneo kwa jicho hilo: barabara inaelekea wapi, bomba la maji limefika, shule na kituo cha daladala viko umbali gani. Kama unataka pango lenyewe likulipe, acha nyumba ya kifahari ya familia moja. Kiwanja kilekile chenye nyumba nne ndogo za chumba masta, sebule na jiko, kila moja 200,000, kinaleta 800,000. Ila kagua mita. Wapangaji wanne kwenye LUKU moja ni kikao cha kila Jumamosi, na mwenyekiti wa kikao ni wewe. Kila mlango uwe na mita yake, au angalau sabumita (mita ndogo ya kugawa matumizi), na maji vivyo hivyo.

"Mwenyekiti wa mtaa ameshapiga muhuri, biashara imeisha"

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri. Anajua nani aliishi hapo, nani anagombana na nani, na kama kuna kesi. Muhtasari wake una msaada, hasa kwenye eneo ambalo halijapimwa. Lakini muhuri wake hauhamishi umiliki, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa kwenye baadhi ya mitaa haimo kwenye sheria ya ardhi.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa hiyo swali la kwanza ni haki ya aina gani. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi, ambayo imeenea kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, haizidi miaka 5 na inahuishwa. Ofa ni barua ya toleo, hatua moja kabla ya hati. Na pembezoni, kuelekea Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, unaweza kukuta ni ardhi ya kijiji, ambako halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kauli. Vyote hivi huuzwa, lakini visiuzwe kwa bei moja. Akikwambia "ina karatasi zote", mwambie azitaje moja moja.

"Hati ipo, tena halisi, basi mali ni safi"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu hati inatuliza moyo. Hati ni mwanzo wa uchunguzi.

Chukua nakala, soma namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu au mahakama. Usikubali upekuzi alioufanya muuzaji mwezi uliopita. Zuio linaweza kuwekwa ndani ya siku moja.

Kisha soma tarehe ya kuanza miliki. Hati ya miaka 33 iliyoanza Julai 1995 inafika mwisho Juni 2028. Inaweza kuhuishwa, lakini kazi hiyo na gharama yake ni zako, kwa hiyo bei ishuke. Ni mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa kwanza, na wanunuzi wengi huuruka wakitafuta jina na muhuri.

Halafu kodi ya ardhi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu hapo watu wengi wanaamini wanaponunua umeme wamemaliza kila kitu. Kodi ya ardhi ni nyingine kabisa, hulipwa kila mwaka kwa kumbukumbu namba ya malipo ya wizara ya ardhi, na asiyelipa hurundika deni pamoja na adhabu. Deni hilo hukaa kwenye kiwanja. Uhamisho hautapita kabla halijalipwa, na kama hamkuliandika kwenye mkataba, utajikuta unalilipa wewe ili kazi isonge.

Baada ya makaratasi, nenda uwanjani na mpima ardhi aliyesajiliwa, abebe ramani ya upimaji na kifaa chake. Kazi yake ni kutafuta mawe ya mpaka: nondo iliyozamishwa kwenye zege, yenye namba inayopaswa kulingana na ile ya kwenye ramani. Kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza, ukuta wa jirani umeingia mita mbili ndani ya kiwanja na amekaa nao miaka kumi. La pili ni baya zaidi: hati ni halali, nyumba ni halali, ila nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha pembeni. Namba 214 inauzwa, nyumba iko 215. Upekuzi ofisini hauwezi kuliona kosa hilo. Mpima analiona kwa nusu saa.

Mwisho, nani anasaini? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa hiyo iandikwe na mwenzi asaini mbele ya wakili. Muuzaji akisema hana ndoa, aape kiapo cha maandishi, nawe uwaulize majirani kimya kimya, kwa maana ndoa ya kimila inaweza kukosa cheti cha kukuonyesha. Kama mwenye jina amefariki, muuzaji wako ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hawezi kuuza kwa sababu ni mkubwa, na wala kikao cha ukoo hakitoshi. Jina la msimamizi lisajiliwe kwanza kwenye hati, ndipo akuhamishie wewe. Watakwambia "tutamalizia baadaye". Malizieni kwanza.

"Tuandike bei ndogo kwenye mkataba tuokoe kodi"

Kwanza, haiokoi sana. Uhamisho unahitaji taarifa ya mthamini aliyesajiliwa, na taarifa hiyo hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kodi hufuata thamani hiyo bei yenu ikionekana ya mzaha. Pili, unajichimbia. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza ukitoa gharama zako. Ukinunua kwa milioni 80 ukaandika 40, siku unauza kwa 120 vitabu vitasema umepata faida ya milioni 80 badala ya 40. Umemsaidia muuzaji wa leo kwa kodi yako ya kesho. Tatu, mkivunja mkataba mkafika mahakamani, unadai kilichoandikwa.

Kodi ya faida ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida humwangukia mnunuzi. Muuzaji anayesema "mimi nataka milioni 80 yangu kamili mkononi" anakutwisha na kodi yake pia. Ukikubali, jua umekubali nini na uiingize kwenye bei. Tenga vilevile fedha za wakili, mthamini, mpima na ada za usajili. Mwenye milioni 80 kamili asitafute nyumba ya milioni 80.

"Bondeni bei poa, nitajaza kifusi"

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Waliokuwa bonde la Msimbazi wanajua maana yake: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia zilihamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 bomoabomoa ikafuata. Kifusi chako kinahamishia maji kwa jirani, hakibadilishi zile mita 60.

Nenda ukaione nyumba masika, Machi hadi Mei, siku ya mvua. Kama huwezi kusubiri, angalia kuta za jirani: mstari wa tope kimo cha goti, vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali mbili, friji zilizopandishwa juu ya meza. Bodaboda wa kituo cha karibu atakwambia bila kulipwa mahali ambapo pikipiki haipiti.

"Ya barabarani yenye fremu haikosi pesa"

Fremu hulipa, ni kweli. Lakini Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Mwaka 2017, Kimara hadi Kiluvya, nyumba za watu waliokuwa wamekaa miaka mingi zilianguka kupisha Barabara ya Morogoro. Beba futi kamba ndefu, pima, kisha ulizia wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kuhusu barabara hiyo hasa. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa iliyopakwa rangi juu yake bado ni alama ya X.

"Ni mpya, haina kazi"

Rangi mpya ndiyo ya kuogopa. Kwaruza ukuta wa nje kwa funguo, sehemu isiyoonekana. Mchanga ukimwagika kama unga, saruji ilibaniwa. Mfuko wa kilo 50 hutoa tofali nzuri za inchi 6 kama 30 hadi 35, na wako wanaotoa 50. Tazama ukuta inchi kumi kutoka sakafuni: rangi inayobabuka na unga mweupe ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, na kupaka upya hakutibu. Panda darini na tochi uangalie mchwa kwenye mbao na mwanga unaopenya kwenye bati. Uliza geji: 28 ni nene kuliko 30, na namba ikizidi, bati linazidi wepesi. Fungulia maji yote kwa pamoja, vuta choo, kisha fungua chemba uone kama yanaondoka. Onja maji ya kisima. Yakiwa ya chumvi, koki na hita hazitadumu na mpangaji hatakaa.

"Toa kishika uchumba haraka, kuna mteja mwingine"

Huyo mteja mwingine yupo kwenye kila nyumba. Kama kweli yupo, mwache afanye upekuzi yeye.

Malipo yaende hivi. Upekuzi na mpima kwanza, bila kutoa senti kwa muuzaji. Kisha mkataba kwa wakili, na malipo ya awali ya kama asilimia 10 yabaki kwenye akaunti ya wakili. Muuzaji asaini fomu za uhamisho (namba 29, 30 na 35), akabidhi hati halisi, picha, kitambulisho na risiti za kodi ya ardhi. Sehemu kubwa ya fedha itoke hapo, kwa benki, kwenda akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati. Bakiza kiasi, hata asilimia 10, hadi kodi ya faida imelipwa na nyumba imekabidhiwa tupu. Na asubuhi ya malipo makubwa, rudia upekuzi.