Ganzi ya Baiskeli Haitokani na Damu Kugoma

Asubuhi ya Jumapili langoni mwa msitu wa Karura hutakosa mwendesha baiskeli anayekung'uta mkono huku akiwaambia wenzake kuwa damu imegoma kufika vidoleni. Ushauri humjia papo hapo. Huyu anasema asugue, yule anasema anywe tangawizi, mwingine anamtuma akapime presha. Hatakosekana wa kumtisha kwamba hivyo ndivyo kupooza kunavyoanza. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na kwa kuwa yanawafanya watu watibu kisichougua, acha niseme.

Ganzi ni kupungua au kupotea kwa hisia katika sehemu ya mwili. Unagusa kitu na hujui umekigusa, au unahisi vijisindano vikikuchoma. Maana yenyewe haina ubishi. Ubishi uko kwenye kinacholeta hali hiyo.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni mazoea yetu ya kuita mshipa karibu kila uzi ulio ndani ya mwili. Kinachopitisha damu ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri kuna wanaoiita mshipa. Basi mtu akiambiwa mshipa umebanwa, akili inakimbilia kwenye damu. Kinachobanwa juu ya baiskeli ni mshipa wa fahamu, yaani neva, ambayo kazi yake ni kupeleka habari baina ya ngozi, misuli na ubongo. Habari zikikatika njiani, kidole kinakufa ganzi hata kama damu inapita vizuri kabisa.

Ukitaka ushahidi, mkono ukifa ganzi bonyeza ukucha wa kidole chenyewe mpaka ngozi ya chini yake ipauke, kisha achilia. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili hivi na kidole kikawa na joto lake la kawaida, damu imefika. Kidole kinachonyimwa damu hupauka na kupoa, jambo ambalo baadhi ya watu hulipata kwenye baridi ya Julai wakipanda kuelekea Limuru alfajiri. Hilo ni tatizo tofauti. Najua yupo atakayenikumbusha kwamba neva nayo hulishwa na vijishipa vya damu, na kwamba ikibanwa navyo hubanwa. Ni kweli. Lakini hata hivyo anayeumia ni neva, na kusugua vidole hakutaiondolea mzigo iliyobebeshwa huko kwenye kiganja.

Jambo linaloniudhi zaidi ni mtu kusema "mkono mzima umekufa" bila kuangalia ni vidole gani. Vidole ndivyo vinavyotoa siri. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, ile iliyo upande wa kidole cha mwisho, hupata hisia kutoka neva ya alna. Ndiyo ile ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu nyingine ya kidole cha pete ni milki ya neva ya kati. Chukua ncha ya kalamu uguse kidole cha pete upande mmoja kisha wa pili. Wengi hushangaa kukuta mpaka umepita katikati ya kidole kimoja.

Wanaoendesha baiskeli huumia zaidi upande wa alna, na sababu iko kwenye kifundo cha mkono. Chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, kuna kifupa kinachopapasika, kidogo kama punje ya njegere. Neva inapita kando yake ndani ya njia nyembamba iitwayo mfereji wa Guyon. Félix Guyon, daktari mpasuaji wa Ufaransa, alieleza njia hiyo mwaka 1861. Alizaliwa kisiwani Réunion, huku huku kwetu Bahari ya Hindi, na baadaye alitajika zaidi kwa magonjwa ya njia ya mkojo. Ukiegemea usukani, ni hapo hapo uzito unapotua. Shuka ule mteremko mrefu wa Corner Baridi kuelekea Olepolos, viwiko vimekakamaa, viganja vimekunjwa kwa nyuma, vidole kwenye breki, na lami inatetemesha usukani njia nzima. Neva itabanwa tu.

Mwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kizamani, hukaa wima na uzito wake mwingi uko kitini. Hawa wetu wa baiskeli za mashindano wameinama. Tena nyingi ni za mtumba, zilizonunuliwa kwa kuangalia bei, si urefu wa mnunuzi. Usukani ukiwa mbali, au ncha ya kiti ikiinama mbele, mwili unateleza na mikono ndiyo inayouzuia. Ndiyo maana glavu nene mara nyingi hazisaidii, na sponji yake ikikaa mahali pasipofaa huongeza mbano pale pale. Anza na kiti: kilale sawa. Kisha sogeza usukani karibu au uuinue, punguza upepo kidogo kwenye magurudumu ikiwa umeyajaza kupita kiasi, legeza viwiko, na badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache.

Miguuni hadithi ni fupi. Neva za vidole hupita katikati ya mifupa ya mbele ya unyayo. Kiatu kikibana, na mguu ukivimba kwa joto la mchana, hazina pa kukimbilia. Legeza kamba, tafuta kiatu kipana chenye soli ngumu, na kama kiatu chako hufungwa kwenye pedali, sogeza kile chuma cha chini nyuma kidogo kuelekea kisigino.

Sasa hilo la kupooza. Ganzi ni kupotea kwa hisia, kupooza ni kupotea kwa nguvu, na moja laweza kuja bila lingine. Ndani ya mfereji wa Guyon neva ya alna hugawanyika, tawi moja la hisia na jingine la misuli. Shika noti ya shilingi mia kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Gumba likilazimika kujikunja kwenye kiungo cha karibu na ukucha ili noti isiponyoke, tawi la misuli nalo limeguswa. Hapo weka baiskeli chini na umwone daktari. Ganzi nyepesi huisha kwa dakika au saa chache, lakini misuli iliyodhoofika yaweza kuchukua miezi.

Na usiisingizie baiskeli kila kitu. Nyayo zote mbili zikifa ganzi hata wiki ambayo hukupanda, kapime sukari. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, mweleze anayekuhudumia, kwa sababu isoniazidi hujulikana kwa kuleta ganzi na ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6. Udhaifu wa ghafla upande mmoja, mdomo kwenda kombo, ulimi kuwa mzito: hicho ni kiharusi, kimbizwa hospitali.

Ukifika kwa daktari, usimwambie damu haifiki, maana ataanza na presha kama ulivyomwelekeza. Mwambie ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, mkono wa kulia, na kwamba huanza baada ya saa moja juu ya baiskeli.