Kani Dhaifu ya Nyuklia Si Kani ya Pembeni

Kani dhaifu ni mojawapo ya kani nne za msingi za maumbile, pamoja na kani kali, sumakuumeme na mvutano. Kila muhula naisikia: "Kani dhaifu haina kazi kubwa, ndiyo maana ikaitwa dhaifu." Wengine huiruka kabisa wanapojisomea. Dhana hii imenichosha, kwa sababu bila kani hiyo jua tunalolijua lisingekuwepo.

Tazama kinachotokea kwenye kitovu cha jua, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi. Protoni mbili zinakaribiana hadi kugusana. Karibu kila mara huachana papo hapo, maana protoni mbili peke yake hazishikamani. Ili zibaki pamoja, lazima moja igeuke nyutroni wakati huohuo wa kukutana, ikitoa positroni (elektroni yenye chaji chanya) na nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji). Kani kali haiwezi kufanya mgeuzo huo, sumakuumeme haiwezi, mvutano ndiyo kabisa. Kani dhaifu pekee ndiyo hugeuza kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, kutoka aina moja kuwa nyingine. Na kwa kuwa tukio hilo ni adimu mno, protoni ya pale husubiri, kwa wastani, mabilioni ya miaka. Ndiyo sababu jua, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, bado lina haidrojeni tele. Kani inayopanga kasi ya kuungua kwa jua zima inakuwaje ya pembeni?

Udhaifu wenyewe una chanzo. Kani hii hubebwa na chembe ziitwazo bosoni W na Z, zilizogunduliwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1983. W ina masi zaidi ya mara 80 ya protoni, na masi hiyo huifanya kani ifike umbali mdogo mno, hata upana wa protoni ni mkubwa kwake. Kwa hiyo usiniambie ni dhaifu kuliko mvutano. Kati ya chembe mbili zilizokaribiana hivyo, mvutano hauonekani kabisa. Kabla ya kulinganisha kani, uliza kwanza: kwa umbali gani?

Kuna dhana nyingine potofu ninazozisikia. "Kani dhaifu ndiyo inayoshikilia kiini cha atomu." Hapana, hiyo ni kazi ya kani kali.

"Elektroni ya beta, ile inayorushwa na kiini cha atomu kinapobadilika, ilikuwa imejificha ndani ya nyutroni." Hapana. Huzaliwa pale nyutroni inapogeuka protoni. Nyutroni iliyo nje ya kiini hudumu wastani wa dakika 15 tu hivi. Ukikuta nyutrino kwenye mlinganyo wa mabadiliko hayo, fahamu kuwa kani dhaifu imehusika.

"Maumbile hayabagui kushoto na kulia." Kani dhaifu hubagua. Mwanafizikia Chien-Shiung Wu na wenzake walipopoza kobalti-60, aina ya kobalti inayotoa elektroni za beta, na kupanga viini vyake kwa uga wa sumaku, elektroni nyingi zaidi zilitoka upande mmoja, badala ya kutoka sawa pande zote mbili.