Kunlun si lazima awe Mwafrika: majina ya wageni katika maandishi ya Kichina

Neno Kunlun likionekana katika maandishi ya kale ya Kichina, wengi hukimbilia kusema hao ni Waafrika. Haraka hiyo hupotosha. Historia ya Tang, nasaba iliyotawala China kuanzia karne ya saba hadi ya kumi, inasema watu wote wa kusini mwa Linyi, iliyokuwa Vietnam ya kati ya leo, wenye nywele za kujisokota na miili myeusi, huitwa Kunlun. Humo wamo mabaharia wa Kimalay. Mfanyabiashara wa Kunlun aliyemuua gavana wa Guangzhou mwaka 684 hatuna sababu ya kumhamishia Kilwa.

Anayeitafuta pwani yetu aanze na matamshi. Waarabu walisema Zanj. Wachina wakaandika Cengqi. Mwaka 1178 Zhou Qufei, mwandishi wa Kichina, aliunganisha Kunlun na Cengqi, Kunlun Cengqi, na hapo ndipo Afrika inapojitokeza. Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari huko Quanzhou, aliandika Cengba, yaani Zanjibar, jina ambalo zamani hizo halikuwa la Unguja peke yake. Hakuwahi kufika, aliwahoji wafanyabiashara. Hata hivyo anataja pembe za ndovu, dhahabu na ambari, watu waliojifunga nguo za buluu na kuvaa viatu vyekundu vya ngozi, na vyombo vya kaure vilivyoletwa kuuzwa.

Kosa jingine ni kufasiri herufi za jina. Malindi, iliyopeleka twiga kwa mfalme wa China wa nasaba ya Ming mwaka 1415, huandikwa Malin: herufi ya kwanza ni mmea wa nyuzi, ya pili ni msitu. Msitu huo haupo. Herufi zimeazimwa kwa sauti tu.

Kuhusu heshima, maneno ya Kichina ya kuwaita wageni hayalingani. Di, watu wa kaskazini, huandikwa kwa alama ya mbwa, na Man wa kusini kwa alama ya mdudu. Yi, la mashariki, halina mnyama, lakini ndilo lililowaudhi Waingereza hadi Mkataba wa Tianjin wa 1858, kifungu cha 51, ukapiga marufuku kuwaita hivyo katika nyaraka rasmi. Fan, neno jingine la wageni, lilikuwa la sokoni zaidi: mtaa wa wageni Guangzhou uliitwa fanfang. Nyanya nayo, hadi leo, ni fanqie, bilinganya ya kigeni.