Kesi ya zamani ya nyavu au ugomvi, jina linafutikaje?

Mimi ni wakili hapa Kigoma mjini, na vijana wa Kibirizi na Ujiji wanaotafuta kazi kwenye mashirika ya kambi ya wakimbizi Nyarugusu au wanaotaka kwenda Uarabuni wananiuliza sana hili: wakili, kitambo nilipigwa faini, sasa wanataka cheti cha tabia njema, nifanyeje jina lifutwe polisi? Wengine wanakuja washakutana na mjanja kawaambia toa hela nikufute kwenye mfumo. Msimpe hela huyo, ni tapeli.

Niseme tu ukweli, Tanzania hatuna sheria ya mtu mzima kuomba hukumu ifutwe eti kwa vile muda umepita. Waingereza toka 1974 wana sheria inayofanya hukumu nyingi zihesabike zimepitwa na muda, ndo maana ukigugo unakuta maelezo matamu kumbe ni ya kwao. Kwetu hukumu inakaa hadi mahakama ya juu iitengue.

Ila kabla hujakata tamaa, una hukumu kweli? Nenda masjala ya mahakama uliposhtakiwa, omba nakala ya hukumu au mwenendo wa kesi. Maana kuna watu kibao kesi zao upande wa mashtaka uliziondoa, au hakimu aliwaachia upelelezi ukiwa haujakamilika, na hao hawajawahi kutiwa hatiani hata kama walilala mahabusu na kuchukuliwa alama za vidole. Mtu wa hivyo hana cha kufuta, anahitaji ile karatasi tu.

Wenye shida ni wale waliosema "ni kweli" ili yaishe, walipe faini warudi ziwani. Kisheria ukikiri huwezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, unaweza kupinga adhabu tu. Lakini toka 1983 Mahakama Kuu ilitaja sababu nne za kuvunja huo ukuta: kukiri kwako kulikuwa na utata au hakukukamilika, ulikiri kwa kutoelewa, shitaka halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au hata maelezo uliyoyakubali hayatoshi kukutia hatiani. Hii ya mwisho naipenda mno. Chukulia kesi ya nyavu zenye matundu madogo halafu maelezo aliyosoma mwendesha mashtaka hayataji popote tundu lilikuwa na ukubwa gani, sasa hapo mtu amekiri nini?

Kikwazo ni muda. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, unatoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya 45, siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa kiapo, na hapo unatakiwa kueleza kila siku iliyopotea, sio "nilikuwa bize". Kama hukumu yenyewe ina kasoro ya kisheria inayoonekana wazi, itaje kwenye kiapo, hiyo inabeba sana. Na hukumu ikitenguliwa usikae ukidhani polisi wataota, wapelekee nakala yenye muhuri warekebishe kumbukumbu zao.

Msamaha wa Rais nao watu wanauchanganya. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, ila wale wanaotoka magerezani 9 Desemba wengi wamepunguziwa kifungo tu, hukumu iko palepale.

Huna hela ya wakili? Tafuta wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, wapo kwa mujibu wa sheria ya 2017 na huduma yao ni bure.

Ikishindikana kabisa, fomu isome vizuri. Kuulizwa kama umewahi kukamatwa na kuulizwa kama umewahi kutiwa hatiani ni maswali mawili tofauti. Ukiulizwa la pili na hukumu ipo, usiandike hapana, utajitafutia kesi mpya. Andika ndiyo, taja kosa na mwaka, ambatanisha nakala ya hukumu na risiti ya faini.